Mpungate Usio na Miiba

Mkulima wa Bodo, katika Kwale, akisikia mpungate hufikiri miiba. Lakini uko mmoja, Rhipsalis baccifera, usio na miiba ukikomaa. Huota juu ya miti ya msituni, vishina vyake vikining'inia kama kamba, na matunda yake ni meupe kama shanga. Jamaa zake wote asili yao ni Amerika; huu peke yake huhesabiwa kuwa mwenyeji wa Afrika pia.

Ushahidi wa mimea ya namna hii umo katika hazina ya mimea iliyokaushwa, iliyoanzishwa Amani mwaka 1902 na kuhamishiwa Nairobi mwaka 1950. Kila tawi hubandikwa karatasini, pakaandikwa mahali, tarehe na jina la mchumaji. Msitu waweza kufyekwa, karatasi hubaki. Bali tawi lisiloandikwa mahali lilipotoka halishuhudii neno. Basi apelekaye mmea kuuliza jina lake, na aandike kwanza alipouchuma.