Mashini ya unga isisage mawe: tulinde watoto na sumu ya risasi

Ndugu wanachama, mashini ya kusaga muhogo na mahindi ni mali yetu sote. Pale watu wanapochimba zahabu, wachimbaji wanaweza kuomba iwasagie mawe pia, na pesa yao ni nzuri. Sisi tunasema: tukatae.

Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara, Nigeria, watoto zaidi ya 400 walikufa. Mawe ya zahabu ya kule yalikuwa na risasi, yale madini mazito ambayo kwa Kifaransa tunaita plomb. Watu waliyavunja kwenye viwanja vya nyumba, wengine waliyasaga na mashini za unga. Si kila jiwe lina risasi, lakini kwa macho huwezi kujua.

Batri kubwa za sola ao za gari nazo zina risasi. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, Senegal, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008. Udongo wa mtaa ulikuwa umejaa risasi ya batri za zamani.

Kwa nini watoto? Wanatambaa chini na kutia mikono kinywani, na mwili wao unavuta risasi mara 4 mpaka 5 kuliko wa mtu mukubwa. Risasi inaharibu ubongo: mtoto anachelewa kusema, masomo yanamushinda. Tumbo linamuuma, damu inapunguka, ikizidi anashikwa na degedege. Tutafikiri ni malaria ao minyoo, kumbe sivyo. Na wengi hawaonyeshi dalili yoyote. Kipimo cha damu ndicho kinasema kweli. OMS inasema hakuna kiasi kisicho na hatari. Damu ikifika mikrogramu 5 kwa desilita 1, chanzo kitafutwe na kuondolewa.

Tufanye hivi:

– Mashini ya unga isage chakula tu. Ikiisha kusaga mawe, isirudie unga.
– Batri isivunjwe wala kuyeyushwa nyumbani. Tuiweke mbali na jiko na watoto, kisha tuirudishe kwa muuzaji anayezipokea.
– Mwenye kutoka kwenye mawe ao batri aoge na abadili nguo kabla ya kubeba mtoto. Nguo zile zifuliwe peke yake.
– Tunyunyize maji kabla ya kufagia, na watoto wanawe mikono mbele ya kula.
– Maharagi, lengalenga na ndagala vinasaidia mwili usivute risasi nyingi, lakini haviponyeshi.

Mwandishi wa koperative aandike majina ya watoto chini ya miaka 6 wanaoishi karibu na kazi hizo, na tumuulize muganga mukubwa wa kituo cha afya wapimwe wapi. Dawa ya kutoa risasi iko, inatolewa hospitalini. Lakini mtoto akirudi kwenye vumbi ileile, sumu inamurudilia. Ndiyo maana kule Zamfara viwanja vilisafishwa kwanza, kisha watoto wakatibiwa.

Mkutano ujao, kanuni ya mashini iingie kwenye kitabu chetu, na kila familia iisikie.