Garimoshi Lililorudi Nyuma

Alfajiri ya tarehe 24 Juni 2002, garimoshi la abiria lenye watu zaidi ya 1,200 lilishindwa kujizuia mlimani karibu na Igandu, mkoani Dodoma. Likaanza kurudi nyuma, likazidi kushika kasi, hata likaligonga garimoshi la mizigo lililokuwa likija nyuma yake. Watu 281 walikufa.

Mwanafunzi wa Chilangala haoni reli, kwani ile ya Mtwara na Nachingwea ilifungwa zamani, miaka ya 1960. Lakini amewahi kuiona baiskeli yenye gunia la korosho ikiteremka ukingo wa Newala, na mwenyewe akiburuta miguu chini kwa hofu. Kanuni ni ile ile. Tuchukue reli inayoshuka mita 2 katika kila mita 100. Behewa lililoachiwa huru huongeza mwendo wake kwa kiasi cha mita 0.2 kwa sekunde, kila sekunde. Baada ya dakika moja tu linakwenda kilomita 43 kwa saa, nalo limesogea mita 350 hivi. Likishuka kilomita 5, msuguano usipohesabiwa, mwendo wafikia karibu kilomita 160 kwa saa. Behewa tupu na garimoshi zima hupata mwendo ule ule. Uzito haumo katika hesabu hiyo. Uzito huonekana wakati wa kugonga. Na msuguano wa chuma juu ya chuma ni mdogo mno, jambo ambalo siku nyingine zote ndilo faida ya reli.

Mwaka 1872 Mmarekani George Westinghouse alitengeneza breki ya hewa yenye hila nzuri: kanieneo ya hewa katika bomba ndiyo huzilegeza breki, hivyo bomba likikatika, breki hukamata zenyewe. Hata hivyo, koki iliyofungwa kati ya mabehewa huyaacha ya nyuma bila kutii. Garimoshi likisimama muda mrefu, hewa huvuja polepole katika matangi. Ndiyo maana mlimani hukazwa breki za mkono na kuwekwa vigingi chini ya magurudumu kabla fundi hajagusa kitu.

Wajapani walipopoteza watu 161 huko Tsurumi, tarehe 9 Novemba 1963, baada ya behewa la mizigo kuacha reli na magarimoshi ya abiria kugongana, walitenga njia ya zamani kisiwani Hokkaido. Huko wakayaangusha mabehewa makusudi, mara kwa mara, wapate kuona jinsi gurudumu linavyopanda juu ya reli. Ndani hamkuwa na abiria.