Haki ya Kukataa: Maadili ya Saikolojia Yanapofika Simiyu

Saikolojia, yaani taaluma inayochunguza akili, hisia na mwenendo wa binadamu, hutofautiana na taaluma nyingine nyingi kwa kuwa haiwezi kufanya kazi bila siri za watu. Bwana shamba akikosea kipimo cha dawa ya pamba huko Maswa, hasara huhesabiwa kwa kilo wakati wa mavuno. Mwanasaikolojia akikosea, anayeumia ni mtu aliyemwamini hata akamweleza habari za ndoa yake, za ulevi wake au za usiku alipofikiria kujiua. Kwa sababu hiyo taaluma hii imejiwekea maadili, ambayo ni kanuni zinazoeleza mtaalamu anaruhusiwa kufanya nini na mtu aliye mbele yake, na nini ni mwiko hata kama kingeleta matokeo mazuri ya kisayansi. Katika mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na wenye wakazi 2,140,497 kwa hesabu ya sensa ya 2022, wengi wao wakulima na wafugaji wanaozungumza Kisukuma nyumbani, kanuni inayojaribiwa zaidi ya zote ni ile ya ridhaa: kwamba mtu akubali kwa hiari yake, baada ya kuelezwa na kuelewa. Na kipimo cha ridhaa ni kimoja tu, nacho ni kama mtu huyo angeweza kweli kukataa.

Mtafiti haruhusiwi kuingia kijijini na dodoso lake bila kibali. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, maarufu kwa jina la COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ndiyo yenye dhamana ya vibali vya utafiti nchini, na utafiti unaogusa afya ya watu hupitiwa pia na kamati ya maadili iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Kibali kikipatikana, barua huanza kushuka ngazi: kutoka kwa Katibu Tawala wa Mkoa pale Bariadi hadi wilayani, kwa mkurugenzi wa halmashauri, kwa mtendaji wa kata, kwa mtendaji wa kijiji, na mwisho kwa mwenyekiti wa kitongoji, ambaye humwongoza mgeni nyumba kwa nyumba. Mlolongo huu umewekwa ili kumlinda mwananchi dhidi ya matapeli, na hakuna mwenye busara atakayetaka ufutwe. Hata hivyo, kila muhuri unaoongezwa humvika mtafiti sura ya serikali, na anapofika mlangoni akiwa ameongozana na kiongozi yuleyule anayeshiriki kuorodhesha kaya za kusaidiwa na mfuko wa serikali wa TASAF, mama wa Itilima ana kila sababu ya kudhani kwamba kulikataa dodoso ni kuikataa serikali na msaada wake. Atatia dole gumba. Fomu itahesabika kuwa imejazwa, kamati ya maadili itaridhika, lakini ridhaa yenyewe haitakuwa imepatikana.

Ugumu huongezeka kwa lugha na kwa fedha. Fomu nyingi huandikwa kwa Kiingereza ili kamati izipitie, hutafsiriwa kwa Kiswahili, kisha msaidizi wa utafiti huzifafanua papo hapo kwa Kisukuma mbele ya mzee asiyejua kusoma, na katika ufafanuzi huo wa haraka sentensi inayosema kwamba mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote ndiyo huwa ya kwanza kurukwa. Kuhusu fedha, wapo wanaoshikilia kwamba mshiriki asilipwe chochote ili asinunuliwe, na wapo wanaosema kwamba kumpotezea mkulima nusu siku ya palizi bila hata hela ya sabuni ni unyonyaji. Wa pili wana hoja nzito zaidi, mradi kiasi kilingane na muda uliopotea na kilipwe hata kwa mtu anayeacha kujibu katikati ya mahojiano. Njia ya kuipa ridhaa uhai haihitaji gharama kubwa: mwenyekiti amtambulishe mgeni kisha aondoke, maelezo yatolewe kwa lugha ya nyumbani, na jibu lisidaiwe siku hiyohiyo, ili mwenye nyumba apate usiku wa kulitafakari na wa kushauriana na wenzake.

Tahadhari hizi zilizaliwa na makosa. Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947 ziliandikwa baada ya kesi za madaktari wa Kinazi waliowafanyia wafungwa majaribio, na Azimio la Helsinki la 1964 likawaongoza madaktari watafiti wa dunia nzima. Ndani ya saikolojia yenyewe, mjadala ulichochewa na Stanley Milgram wa Chuo Kikuu cha Yale, ambaye kuanzia mwaka 1961 aliwaagiza watu wa kawaida wampige mwenzao shoti za umeme zilizokuwa za uongo bila wao kujua, na katika jaribio lake mashuhuri watu 26 kati ya 40 walifika hadi kiwango cha mwisho. Alijifunza mengi kuhusu utii, lakini baadhi ya washiriki walitetemeka na kutoka jasho kwa jambo ambalo hawakuwa wamelikubali. Afrika Mashariki nayo ina aibu yake. J. C. Carothers, daktari aliyeongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari jijini Nairobi, alichapishiwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953 kitabu kilichoifananisha akili ya Mwafrika na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo, na mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ilichapisha maandishi yake yaliyoyaeleza mapigano ya Mau Mau kwa misingi ya saikolojia, badala ya kuyatazama kwanza kuwa madai ya ardhi na uhuru. Aliyapata mamlaka ya kusema hayo kwa kuwachunguza watu ambao hawakuwa na nafasi ya kumkatalia wala kumjibu.

Suala la nani anachunguzwa, na kwa faida ya nani, linaigusa Simiyu kwa karibu. Baadhi ya familia za Wahadzabe, jamii ya wawindaji na wachuma matunda yenye watu wapatao 1,000 hadi 1,300, huishi wilayani Meatu, upande wa magharibi wa Ziwa Eyasi, na Wahadzabe kwa ujumla ni miongoni mwa jamii zinazofuatwa sana na watafiti duniani. Sababu ya kufuatwa huko ina mantiki. Mwaka 2008 Jeffrey Arnett alionyesha kwamba asilimia 96 ya washiriki katika majarida makubwa ya saikolojia aliyoyapitia walitoka nchi za Magharibi zenye viwanda, na mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake wakahoji inakuwaje taaluma iseme habari za binadamu wote kwa kuwatazama wachache hao. Wasiwasi wa aina hiyo ndio uliowafanya watafiti wasafiri hadi Eyasi, wengine hata kabla ya makala hizo. Frank Marlowe aliwashirikisha Wahadzabe katika mchezo wa kugawana fedha ambamo mpokeaji anaweza kuukataa mgawo asioupenda, akakuta kwamba watu wa kambi kubwa waligawa zaidi kuliko wa kambi ndogo. Coren Apicella na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, waliwapa biskuti na viberiti ili kuona kama mtu hung'ang'ania kitu kwa sababu tu ni chake. Waliokuwa karibu na soko na watalii waling'ang'ania, walio mbali walibadilishana bila shida.

Matokeo haya ni ya thamani, na kuwaacha Wahadzabe nje ya sayansi kungekuwa dharau ya aina nyingine. Lakini jamii ya watu elfu moja na ushei haiwezi kufichwa majina kwa namna ambayo wakazi wa jiji hufichwa, kwa kuwa anayesoma umri, kambi na idadi ya watoto anaweza kumtambua mtu moja kwa moja. Na faida ya makala humwendea zaidi aliyeiandika. Watu wa jamii ya Wasani wa Afrika Kusini waliliona hilo, na mwaka 2017 walitoa kanuni zao wenyewe zinazomtaka mtafiti aheshimu, awe mkweli, atende haki na ajali, pamoja na kurudisha matokeo kwa wale waliochunguzwa. Hakuna kinachozuia vijiji vya Meatu kudai mambo hayohayo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayoweka masharti kwa taarifa zinazopelekwa nje ya nchi, imewapa mahali pa kusimamia.

Vipimo navyo vina mjadala wake. Robert Sternberg na wenzake waliwapima watoto wa shule karibu na Bagamoyo, wakawafundisha kwa muda mfupi namna ya kuyaendea maswali, wakawapima tena, na alama zikapanda. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2002, ulidhihirisha kwamba mtihani wa mara moja unaweza kupima uzoefu wa mitihani kuliko uwezo wa mtoto. Mwalimu anayembandika mwanafunzi jina la mzito baada ya karatasi moja angefaa kuujua. Isitoshe, mwaka 2015 watafiti waliporudia tafiti 100 za saikolojia zilizokwishachapishwa, ni asilimia 36 tu zilizotoa tena matokeo yenye uzito wa kitakwimu, kwa hiyo kumtumia mtu muda wake na siri zake kwa utafiti ulioandaliwa hovyo sasa kunahesabiwa kuwa kosa la kimaadili pia.

Kwa upande wa huduma, ugumu mkubwa ni usiri. Miongozo iliyoandikwa katika miji mikubwa humtaka mshauri nasaha asimhudumie mtu anayehusiana naye kwa njia nyingine, lakini katika mji wa Bariadi mshauri na mteja wanaweza kuwa wanasali kanisa moja na kununua mboga kwa mtu mmoja, na kumkataa mteja kwa sababu hiyo ni kumwacha bila msaada. Linalowezekana ni kuutaja uhusiano huo mapema na kuuwekea mipaka. Mipaka ya usiri wenyewe nayo yafaa itajwe kabla mteja hajafungua kinywa: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humtaka kila mwanajamii atoe taarifa mtoto anapodhulumiwa, na aliyeambiwa mpango wa kumdhuru mtu mwenye ualbino au bibi kizee aliyetajwa katika ramli kuwa mchawi hana siri ya kulinda.

Lakini ipo sheria inayomfunga mtaalamu pasipo faida. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, kiasi kwamba mtu anayehitaji zaidi kusikilizwa ndiye mwenye sababu ya kunyamaza. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha aina hiyo kinakwenda kinyume cha Katiba ya nchi hiyo; Tanzania ingefaa ifike huko. Shuleni kuna mgongano mwingine, kwa kuwa kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, na mwanafunzi hawezi kumfungulia moyo mwalimu wa ushauri nasaha mwenye fimbo mezani. Mabula Nkuba na wenzake walichapisha mwaka 2018 utafiti uliofanyika katika sekondari za umma nchini, ambamo walimu waliopewa mafunzo ya njia mbadala walipunguza kutumia ukatili.

Msomaji wa Bariadi, Maswa, Meatu, Busega au Itilima atakayefuatwa na mtafiti au atakayeketi mbele ya mshauri ana haki ya kuomba kuona kibali au cheti, kuuliza taarifa zake zitahifadhiwa wapi na nani atazisoma, kubaki na nakala ya fomu aliyotia saini, na kuacha kujibu wakati wowote bila kutoa sababu. Akatae pale asiporidhika. Hakuna mtendaji wa kijiji mwenye mamlaka ya kumwadhibu kwa hilo.