Siku Tatu za Tano

Bunge linapokutana Dodoma, Alhamisi asubuhi ndiyo zamu ya maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu. Siku inayotangulia ni Jumatano. Majina haya mawili tunayatamka kila juma, na yote mawili yana maana ileile: siku ya tano.

Jumatano ni ya tano kwa hesabu ya Waswahili wa pwani. Kwao kilele cha juma ni Ijumaa, siku ya kukusanyika msikitini, na inayofuata ndiyo ya mosi. Kwa hiyo mnada wa Msalato, nje kidogo ya mji wa Dodoma, hufanyika siku ya kwanza ya juma: Jumamosi. Alhamisi haikuingia katika mkondo huo. Ni al-khamis ya Kiarabu, ya tano kwa hesabu inayoanzia Jumapili. Kwa hesabu ya pwani ingeitwa Jumasita.

Kwa nini haikuitwa hivyo? Jibu ninaloliamini limo katika machweo. Kwa desturi ya pwani siku huanza jua linapotua, hivyo jioni ya Alhamisi tayari ni usiku wa Ijumaa. Siku iliyoshikamana hivyo na ibada ilibaki na jina la lugha ya ibada.

Mbali kabisa na hapa, Ayalandi ya kale ilifanya jambo linalofanana na hilo. Wakristo wake walifunga Jumatano na Ijumaa. Ijumaa ikaitwa kwa neno la mfungo lililotokana na Kilatini, ieiunium. Jumatano ikawa mfungo wa kwanza. Na Alhamisi ikaitwa dardaín, yaani iliyo kati ya mifungo miwili. Haikuwa na ibada yake yenyewe, ikapewa jina kwa majirani zake.

Haya yanawezekana kwa sababu juma halina alama angani. Mwaka ni safari ya Dunia kulizunguka Jua, na mwezi una mwandamo wake, lakini siku saba ni mapatano ya watu, na kila watu huanza kuhesabu wanapotaka. Waganda huita Jumanne Lwakubiri, ya pili, na Ijumaa Lwakutaano. Basi Afrika Mashariki ina siku tatu za tano, tena zinafuatana!

Majina ya pwani yalipanda bara na misafara ya karne ya 19, kutoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Ugogo hadi Tabora. Bara wameyapokea hata kuwapa watoto: akina Jumanne, akina Hamisi, akina Mwajuma wamejaa.

Walimu wa madarasa ya chini, mtoto anayeambiwa kwamba Jumatatu ni siku ya kwanza ana haki ya kuuliza hiyo tatu imetoka wapi. Mwanzishieni Jumamosi.