Mwanangu Amekuwa wa Ngapi?

Akina mama tunajuana. Mtoto akirudi kutoka kwenye mashindano ya kwaya za shule ya Jumapili, kabla hajavua viatu tumeshamwuliza, "Mmekuwa wa ngapi?" Hatuulizi wameimba wimbo gani, wala kama yule mwenzao mwenye mafua alipata sauti. Mama yao wana wa Zebedayo alikuwa hivyo hivyo. Alimwendea Bwana akiwa na wanawe wawili, na alichotaka ni viti, mmoja kuume na mwingine kushoto. Nikiisoma habari ile huwa nacheka kidogo, kisha naacha kucheka.

Miaka michache iliyopita niliombwa kuwa mwamuzi wa kwaya za watoto katika jimbo letu. Kwaya zilikuwa 9. Tulipewa karatasi zenye alama za sauti, za matamshi, za mavazi na za nidhamu jukwaani, jumla 100. Kwaya moja ya watoto saba, kutoka mtaa wa mbali, ilianza wimbo kwa sauti ya juu mno na katikati ikakwama. Niliwapa alama 41. Mpaka leo sioni kwamba niliwaonea. Lakini mshereheshaji alisoma alama zote mbele ya watu, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na binti aliyekuwa akiwaongoza, mwenye umri wa kama miaka minane, alijifunika uso kwa kitenge cha mwalimu wake. Hakukitoa mpaka tulipofunga kwa sala.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza wenzetu wenye mashindano makubwa, yenye watoto wa mataifa mengi na mamilioni ya watazamaji, wanafanyaje. Maana nyimbo zikishindana, lazima mmoja uwe wa kwanza na mwingine uwe wa mwisho.

Yapo mashindano ya Italia yanayoitwa Zecchino d'Oro, yaani sarafu ya dhahabu, jina lililotokana na sarafu za Pinocchio, yule mwanasesere wa mbao katika hadithi ya watoto. Yalianzishwa na Cino Tortorella mwaka 1959 mjini Milan, na mwaka 1961 yakahamia Bologna kwa watawa Wafransisko, katika nyumba yao iitwayo Antoniano. Nyumba hiyo ilijulikana kwanza kwa jambo jingine kabisa. Mwaka 1954 watawa hao, wakiongozwa na Padre Ernesto Caroli, walifungua hapo ukumbi wa kuwalisha maskini. Kwa hiyo watoto walikuja kuimba mahali palipokwisha kuwa na sufuria jikoni na watu wenye njaa mlangoni. Mimi naona hilo si jambo dogo. Tangu mwaka 1976 mashindano hayo yakafunguliwa kwa mataifa mengine, na kwa miaka mingi nyimbo zilikuwa 14: 7 za Italia na 7 za nchi za nje.

Sasa, sheria yao kubwa ni hii: kinachoshindana ni wimbo, mtoto hashindanishwi. Tuzo inakwenda kwa waliotunga maneno na lahani, nao ni watu wazima. Wimbo ukiwa wa mwisho, aliyeshindwa ni baba mmoja mwenye ndevu aliyeandika maneno yasiyopendeza, wala si mtoto wa miaka mitano aliyeyaimba. Tena mtoto haimbi peke yake. Nyuma yake husimama kwaya ya watoto wa Antoniano, ambayo humwitikia kila mwimbaji, awe wa Bologna au ametoka ng'ambo. Kwaya inayomsaidia huyu ndiyo hiyo hiyo itakayomsaidia mpinzani wake.

Kwaya hiyo iliundwa mwaka 1963 na Mariele Ventre, mwanamke wa Bologna aliyesomea piano, naye aliiongoza mpaka alipofariki tarehe 16 Desemba 1995. Miaka 32 akiwafundisha watoto wa watu kufungua midomo na kutamka. Baada yake Sabrina Simoni aliipokea kazi, na kwaya ikapewa jina la Mariele.

Na waamuzi je? Wamo watoto. Kila mmoja huinua kibao chenye alama, na alama zao huanzia 6 hadi 10. Hapa ndipo nilipoketi nikafikiri. Katika shule za Italia alama hutolewa juu ya 10, na 6 ndiyo alama ya kufaulu. Maana yake, mtoto mwamuzi anaweza kusema wimbo huu umenipendeza sana, au umenipendeza kidogo tu, lakini hana kibao cha kusema umefeli. Yupo wa kwanza na yupo wa mwisho, hakuna udanganyifu, ila hata wa mwisho amepasi.

Sisemi kwamba mtoto wa miaka mitano anaelewa vizuri tofauti ya wimbo kushindwa na yeye kushindwa. Nina watoto, najua. Lakini anayeelewa ni mama yake aliyeketi ukumbini, na uso wa mama ndio mtoto anaousoma kwanza.

Jambo jingine ni kwamba nafasi zile zina mwisho wake. Mwaka 1968 wimbo ulioshinda ulikuwa wa paka arobaini na wanne, na kwa kweli ukapendwa sana. Nafasi ya tatu ilichukuliwa na wimbo wa dansi ya mbu mdogo, ulioimbwa na Cristina D'Avena, ambaye hakuwa hata ametimiza miaka minne. Binti huyo alikua akawa mwimbaji wa nyimbo za katuni ambaye karibu kila nyumba ya Italia inamjua. Mwaka uliofuata, 1969, ulikuwepo wimbo wa mtoto aliyetaka paka mweusi. Nao haukushinda. Lakini ulivuka bahari ukaimbwa kwa Kijapani na mtoto wa miaka sita, na huko Japani zikauzwa sahani za santuri zaidi ya milioni 2. Waamuzi wa Bologna hawakukosea. Walisema tu kilichowapendeza siku ile.

Ulaya ina mashindano mengine, ya vituo vya televisheni, yaitwayo Junior Eurovision. Yalianza Copenhagen mwaka 2003 kwa nchi 16. Hapo mtoto husimama kwa niaba ya taifa zima, na pointi husomwa nchi kwa nchi huku kamera ikimtazama usoni. Mshindi wa kwanza alikuwa Dino Jelusić wa Kroatia, mwenye miaka 11. Wa mwisho alikuwa mtoto wa Polandi, kwa pointi 3.

Waandaaji nao waliona ubaya wa mtoto kubaki na sifuri mbele ya bara zima. Kuanzia mwaka 2005, kwa miaka kadhaa, kila nchi ilipewa pointi 12 kabla ya kura yoyote kusomwa, ili pasiwepo wa sifuri. Nia ilikuwa njema. Lakini watoto wa siku hizi wanajua hesabu ya kutoa! Mwenye pointi 12 anajua kabisa kwamba ukiondoa zile za bure hakuna aliyempigia kura. Hainifariji kama ile 6 ya Bologna, ambayo mtoto anaijua kutoka kwenye daftari lake la shule. Bora zaidi ni utaratibu ulioletwa mwaka 2017: mtazamaji apigapo kura huchagua nyimbo zisizopungua 3. Hata akianza na ya nchi yake, na wengi huanza hapo, bado lazima awatafute wengine wawili wa kuwasifu.

Wapolandi mwaka 2004 walikuwa tena huko mkiani, wakajitoa. Walirudi mwaka 2016, kisha wakashinda mara mbili mfululizo, mwaka 2018 na 2019. Watu huisimulia habari hiyo kama kisa cha kutia moyo. Mimi humfikiria yule mtoto wa mwaka 2003, ambaye wakati huo alikuwa mtu mzima. Ushindi wa wengine miaka 15 baadaye haukurudi nyuma kumfuta machozi.

Nilipoombwa tena kuamua kwaya za jimbo, nilikwenda kwa kamati na maombi mawili. La kwanza, watangazwe watatu wa mwanzo tu. La pili, kila kwaya ipewe karatasi yenye maneno: nini kilipendeza, na nini wakafanyie mazoezi. Mzee mmoja alisema tunawadekeza watoto, na kwamba yeye alisomewa namba 52 kati ya 52 na hakufa. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho wakakubali, kwa mwaka mmoja, kwa kujaribu.

Ile kwaya ya mtaa wa mbali ilikuja tena, safari hii watoto 11, na binti yule yule mbele. Walianzia sauti ya chini. Hawakuwa miongoni mwa watatu. Kwenye karatasi yao niliandika kwamba ubeti wa pili niliusikia neno kwa neno hadi kiti cha nyuma, na kwamba wapumue pamoja kabla ya kiitikio.

Baada ya ibada mama mmoja alinisimamisha mlangoni, karatasi ile mkononi.

"Mwalimu, wangu wamekuwa wa ngapi?"

"Soma, mama yangu. Yote yameandikwa humo."

Akaisoma polepole, midomo ikitikisika. Kisha akaigeuza, akatazama nyuma yake kutafuta namba.