Kompyuta Mpya Isiyowaka: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kununua Kifaa Kingine

Vikundi vya vijana vinavyoanzisha huduma ya uchapaji na kudurufu, pamoja na wafanyabiashara wadogo, mara nyingi hununua vipuri vya kompyuta ya mezani kimoja kimoja na kuviunganisha wenyewe. Njia hii huweza kupunguza gharama, lakini siku ya kwanza huweza kuleta mashaka: kitufe kinabonyezwa na mashine inakaa kimya, au feni zinazunguka ilhali skrini imebaki nyeusi. Kwa kikundi kinachorejesha mkopo uliotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kununua ubao mama wa pili bila sababu ni kula mtaji.

Ni vyema ikafahamika kuwa kompyuta iliyounganishwa upya ikikataa kuwaka, mara nyingi hakuna kifaa kilichokufa. Kuna waya uliosahauliwa, au kifaa ambacho hakikukaa sawasawa mahali pake. Kasoro hizo hugunduliwa kwa ukaguzi unaoanzia kwenye soketi ya ukutani na kuingia ndani hatua kwa hatua.

Usalama kwanza

Kabla ya kugusa chochote ndani ya kasha, plagi ichomolewe ukutani, kisha kitufe cha kuwashia kibonyezwe kwa sekunde chache ili kumaliza umeme uliobaki. Mkono uguse kwanza sehemu ya chuma ya kasha isiyopakwa rangi, kwa kuwa umeme tuli wa mwilini unaweza kuharibu vipuri. Pawasaplai, yaani kisanduku kinachogawa umeme kwa vifaa vyote, kisifunguliwe kamwe. Ndani yake mna kapasita zinazohifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, na umeme huo unaweza kujeruhi au kuua.

Mashine isiyotoa dalili yoyote

Soketi ijaribiwe kwa taa au chaja ya simu inayofanya kazi. Nyuma ya pawasaplai huwa kuna swichi ndogo, na upande wenye alama ya I ndio wa kuwasha. Baadhi ya pawasaplai zina kitelezi cha kuchagua volti 115 au 230. Umeme wa Tanzania ni wa volti 230, hivyo kitelezi kikiachwa kwenye 115 kifaa huweza kuungua mara tu kinapowashwa.

Baada ya hapo hukaguliwa kiunganishi kikubwa cha pini 24 kinachoingia kwenye ubao mama. Kisukumwe mpaka kibanio chake kishike. Nyaya nyembamba za kitufe cha mbele nazo zilinganishwe na mchoro ulio katika kijitabu cha ubao mama, kwani zikichomekwa kwenye pini zisizo zake, kitufe hakitafanya kazi hata kama mashine yote ni nzima.

Mahali pengine pa kutazama ni chini ya ubao mama. Ubao huo hukalia vinguzo vidogo vya chuma vinavyolingana na matundu yake ya skrubu. Kinguzo kilichofungwa mahali pasipo na tundu hugusa mgongo wa ubao na kusababisha shoti, na pawasaplai hujizima ili kujilinda.

Feni zinazunguka, skrini ni nyeusi

Waya wa pili wa umeme, wenye pini 4 au 8, huingia karibu na prosesa. Huu husahaulika sana, na bila huo prosesa haifanyi kazi ingawa feni huzunguka. Kama kuna kadi ya picha, waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi hiyo, si kwenye ubao mama. Na kama kadi ina tundu lake la umeme, nalo liunganishwe.

Vipande vya RAM ndivyo vinavyofuata. Kila kipande kibonyezwe kwa nguvu ya wastani mpaka vibanio vijifunge kwa mlio. Ubao wenye nafasi nne na vipande viwili kwa kawaida hutaka nafasi ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa. Mwenye RAM ya DDR5 avute subira, kwa kuwa uwashaji wa kwanza huweza kuchukua dakika kadhaa skrini ikiwa nyeusi, na kuzima katikati hurudisha kazi mwanzo. Bao nyingi za sasa zina taa ndogo zenye maandishi CPU, DRAM, VGA na BOOT. Inayobaki ikiwaka huonyesha sehemu yenye tatizo.

Tatizo likiendelea

Vifaa vipunguzwe, vibaki ubao mama, prosesa na feni yake, kipande kimoja cha RAM na pawasaplai. Kadi ya picha ibaki pia kama prosesa haina uwezo wa kuonyesha picha yenyewe. Mashine ikiwaka, vifaa virudishwe kimoja baada ya kingine, plagi ikichomolewa kila mara. Kile kitakachoizima ndicho cha kuchunguzwa.

Skrini ikionyesha maandishi kuwa hakuna mfumo endeshi, hiyo si hitilafu. Diski mpya huwa tupu, na kazi iliyobaki ni kusakinisha mfumo.

Iwapo kifaa kitathibitika kuwa kibovu, mnunuzi atahitaji risiti ya EFD, cheti cha dhamana na kasha la kifaa. Vitu hivyo vitunzwe tangu siku ya ununuzi, pamoja na maandishi ya hatua zote zilizokwisha kujaribiwa, ili muuzaji au fundi asianze upya kwa gharama ya mwenye kompyuta.