Mwimbaji Raye na Mkataba Wake

Likizo iliyopita mdogo wangu wa kike, ambaye aimba vizuri kunishinda, alirudi nyumbani na karatasi ya mkataba kutoka kwa mwenye studio mmoja. Baba alinipa akasema, "Wewe ndiwe msomi wetu, hebu isome." Niliisoma mara mbili nisiielewe. Basi nikaanza kutafuta habari za waimbaji waliotia sahihi karatasi za namna hiyo, na aliyenifundisha zaidi ni kijana mmoja wa Uingereza aitwaye Raye. Napenda kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu habari zake kwa ufupi.

Jina lake la kuzaliwa ni Rachel Keen. Alizaliwa London tarehe 24 Oktoba 1997. Baba yake ni Mwingereza, na mama yake ana asili ya Ghana na Uswisi. Tangu utotoni alitunga nyimbo. Alisoma katika BRIT School, shule ya muziki na maigizo waliyopitia pia Adele na Amy Winehouse, lakini aliondoka kabla ya kumaliza. Uimbaji wake wachanganya pop na soul, yaani muziki wa Wamarekani Weusi uliochipuka katika nyimbo za kanisani.

Mwaka 2014, akiwa hajatimiza miaka 18, alitia sahihi mkataba wa albamu 4 na kampuni kubwa. Hapa yafaa nieleze jinsi mikataba hii ilivyo. Mara nyingi kampuni hutoa fedha za kurekodi na kutangaza, lakini fedha hizo si zawadi: hukatwa katika mapato ya mwimbaji kwanza, ndipo yeye apate chake. Nyimbo zilizorekodiwa huwa mali ya kampuni, nayo ndiyo huamua zitoke lini. Mwimbaji naye hana ruhusa ya kwenda kuimbia kampuni nyingine.

Hayo ndiyo yaliyompata Raye. Alitoa nyimbo moja moja, akaimba katika nyimbo za watu wengine zilizopendwa sana, tena akashiriki kumtungia Beyoncé. Hata hivyo miaka 7 ilipita bila kuruhusiwa kutoa albamu yake mwenyewe. Mwezi Juni 2021 aliueleza umma shida yake waziwazi, na mwezi uliofuata akaachana na kampuni hiyo.

Wako waliodhani amekwisha. Yeye akaendelea kwa nguvu zake, akatafuta wasambazaji tu, na nyimbo zikabaki mali yake. Wimbo wake "Escapism", uliotoka Oktoba 2022, ulishika nafasi ya kwanza Uingereza Januari 2023. Mwezi uliofuata albamu yake ya kwanza, "My 21st Century Blues", ikatoka. Usiku wa tarehe 2 Machi 2024, katika sherehe ya Brit Awards, alipata tuzo 6. Kabla yake hakuna aliyewahi kupata zaidi ya 4 kwa usiku mmoja. Alipopokea tuzo ya albamu bora alipanda jukwaani pamoja na bibi yake, huku akilia kwa furaha.

Sisemi kwamba kampuni zote ni mbaya, wala simshauri mtu aache shule akaimbe. Nasema hivi: kipaji ni shamba, na mkataba ni hati ya shamba hilo. Asiyeisoma hati aweza kulima miaka mingi, mavuno yakawa ya mwingine. Kabla ya kutia sahihi, uliza mambo matatu: Nyimbo zitakuwa mali ya nani? Nafungwa kwa muda gani? Nikitaka kutoka, mlango uko wapi?

Maswali hayo nilimwandikia Baba. Amenijibu kwamba mwenye studio alijibu la kwanza tu, na kwamba karatasi bado imo sandukuni, haijatiwa sahihi. Mdogo wangu amenuna, lakini jioni, asema Baba, bado aimba.